Nyekundu ya Datsun 240Z: kuchagua na kuchanganya rangi ya bodi ya gari la rimoti

Bodi nyingi za magari ya rimoti ya kipimo cha 1/10 huuzwa zikiwa angavu kama chupa. Plastiki yake ni polikaboneti, na rangi hupigwa kwa ndani. Fundi wa gari la kweli huanza na praima, akamalizia na rangi inayoonekana. Huku mambo yamegeuzwa: mkono wa kwanza wa rangi ndio uso wa gari, na mikono inayofuata yote ni mgongo. Ukikosea mkono wa kwanza, kila utakachopiga baadaye kitalifunika kosa hilo kwa nyuma tu, huku mbele likibaki linaonekana.

Jambo la pili linatokana na hilo la kwanza, na ndilo linalowaponyoka wengi: rangi utakayoiona haitokani na kopo ulilonunua peke yake. Inatokana na kopo hilo pamoja na kile ulichokipiga nyuma yake. Kwa hiyo kuchagua rangi ya bodi ni kuchagua rangi mbili, ya uso na ya mgongo.

Gari la mfano hapa ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha ikashinda tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Kwa macho ni kazi nyepesi, rangi mbili tu. Lakini nyekundu ndiyo rangi yenye deko kuliko zote kwenye polikaboneti, na nyeusi iliyo jirani yake haisamehe. Ukiiweza 240Z, bodi nyingine hazitakusumbua.

Kwanza aina ya rangi. Polikaboneti hupinda gari linapogonga ukuta, kisha hurudi. Rangi ya kopo ya kupigia geti hukauka ikawa ngumu, haiwezi kupinda nayo, na baada ya ajali ya kwanza hudondoka vipande vipande. Tena baadhi ya thina zake huila plastiki: hutokea mistari midogo kama ya kioo kilichopasuka, na bodi inakuwa dhaifu kama ganda la yai. Kwa hiyo nunua rangi iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya polikaboneti. Tamiya ya Japani hutenganisha makopo yake kwa herufi: PS ni za polikaboneti, TS ni za plastiki ngumu ya modeli za mezani. Makopo yote mawili ni ya ml 100 na yanafanana sana dukani, kwa hiyo soma herufi kabla ya kulipa. Kwa kazi yetu tunahitaji PS-5 nyeusi, PS-2 nyekundu, PS-1 nyeupe na PS-12 ya fedha. PS-55, ile angavu isiyong'aa, tutaifikia mwishoni. Kopo moja la nyekundu kwa kawaida linatosha bodi moja ya gari dogo la barabarani ukipiga mikono myembamba. Wenye brashi ya hewa wanaweza kutumia rangi za maji zilizotengenezwa kwa polikaboneti, na hao ndio wenye uhuru wa kweli wa kuchanganya.

Kabla ya rangi yoyote, toboa matundu ya nguzo za bodi na ukate ziada ya pembeni, lakini acha kama nusu sentimita ya kumalizia baadaye. Vile vipande ulivyokata usivitupe. Ni plastiki ileile, unene uleule, na ndivyo vitakavyokuwa daftari lako la majaribio. Kisha osha bodi kwa ndani kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo na sponji laini. Kiwandani bodi hutolewa kwenye umbo ikiwa na mabaki ya mafuta, na jasho la vidole ni mafuta vilevile. Suuza, ikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na tangu hapo usiguse ndani kwa mkono mtupu. Rangi inapobanduka kwenye kona kama gamba, mara nyingi chanzo ni uoshaji wa haraka.

Nje ya bodi kuna ngozi nyembamba ya nailoni inayoilinda na rangi inayopeperuka. Iache mpaka mwisho. Ina faida nyingine pia: unaweza kuchora juu yake kwa kalamu ya wino mzito mpaka wa boneti, duara la namba na mistari ya milango, kisha ukaifuata michoro hiyo ukiwa unabandika tepu kwa ndani.

Sasa majaribio. Chukua vipande vinne vya mabaki, vioshe, vipige nyekundu mikono miwili myembamba. Vikikauka, cha kwanza kiache hivyo hivyo. Cha pili kipige nyeupe kwa nyuma, cha tatu fedha, cha nne nyeusi. Vigeuze utazame upande safi, nje, kivulini na kisha juani, maana taa ya tyubu ya ndani hudanganya. Kile kisicho na mgongo kitakuwa hafifu, mwanga unapita, na kwenye gari utaona chasisi na betri nyuma ya wekundu. Chenye nyeupe kitawaka, kwa sababu mwanga unaopenya nyekundu unagonga nyeupe na kurudi. Chenye fedha kitakuwa kizito kidogo, chenye ubaridi wa bati. Na chenye nyeusi hakitakuwa nyekundu tena, kitakuwa damu ya mzee. Kopo ni moja, gari ni nne.

Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi kwenye bodi nyekundu: mtu amesikia kwamba rangi hufungwa kwa nyeusi ili mwanga usipite, akapiga nyeusi moja kwa moja nyuma ya nyekundu nyembamba. Ndani ya dakika tano gari limezeeka. Dawa haipo. Nyekundu, njano, chungwa na rangi zote za kuwaka lazima zipate nyeupe nyuma yake kwanza. Rangi za metali ndizo zinazopenda nyeusi au fedha, kwa sababu chembe zake zinapata kina.

Kuchanganya, kwa mwenye makopo tu, hufanyika kwa tabaka. Huwezi kufungua kopo la hewa ukatia lingine ndani, lakini unaweza kupiga nyekundu mkono mmoja mwembamba na nyuma yake chungwa badala ya nyeupe. Nyekundu inasogea kuelekea chungwa bila kupoteza mwako, na kiasi cha kusogea unakiamua kwa unene wa ule mkono wa kwanza. Picha za rangi za Safari ya miaka ya 1970 zinaonyesha wekundu unaotofautiana, picha kwa picha, kutokana na filamu, vumbi na jua la saa sita. Chagua picha moja uishike hiyo hiyo mpaka kazi iishe. Ukibadili picha katikati utazunguka bila kufika.

Mwenye rangi ya maji ahesabu kwa matone na aandike. Anza na matone 20 ya nyekundu isiyopitisha mwanga, ongeza chungwa tone moja moja, ukijaribu kwenye kipande kila mara. Kati ya matone mawili na manne mabadiliko yanaonekana wazi. Ukiona nyekundu inapiga kelele mno, usiitulize kwa nyeusi: nyeusi huipeleka kwenye hudhurungi chafu. Tone moja la kijani kwa matone 40 ya nyekundu linatosha kuipooza, kwa kuwa kijani na nyekundu huzimana. Na ukiitaka iwe nyepesi zaidi, usitie nyeupe ndani ya mchanganyiko, utapata waridi. Wepesi wa nyekundu utafute kwa chungwa au kwa nyeupe ya mgongoni. Ukiridhika na kipimo, zidisha hesabu na uchanganye kiasi chote cha gari zima kwa mara moja, kama ml 30, ukichuje kwenye kipande cha soksi nyembamba ya kike. Mchanganyiko uliokwisha bodi ikiwa nusu haurudiwi ukafanana, hata kama ulihesabu.

Kwa brashi ya hewa, sindano ya milimita 0.3 hadi 0.5 na presha ya psi 25 hadi 35 zinafaa kwa rangi nyingi za maji za polikaboneti. Umbali sentimita 10 hadi 15. Kausha kila mkono kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini, usiikaribishe sana kwa sababu bodi hupinda. Kwa kopo, umbali ni sentimita 25 hadi 30. Rangi ikitua ikiwa imeshakauka hewani utaona chenga kama vumbi, na zile chenga, kumbuka, ziko usoni. Ikitua ikiwa maji mno itachuruzika machozi kwenye kona za madirisha.

Turudi kwenye bodi. Bandika stika za kufunika madirisha kwa ndani, kisha sugua kingo zake kwa kijiti cha meno kilichofungwa kitambaa mpaka usione mapovu. Halafu boneti. Kanuni ni kupiga giza kwanza, mwanga baadaye: nyeusi ikishakuwa mbele, nyekundu itakayopita nyuma yake haionekani kabisa. Ukianza na nyekundu, kila punje ya nyekundu iliyopenya chini ya tepu itaonekana ndani ya boneti nyeusi milele.

Kwa hiyo funika yote isipokuwa boneti. Ukingoni weka tepu nyembamba ya plastiki ya modeli, kwa sababu inakubali kupinda na haivuji kirahisi kama tepu ya karatasi. Nyuma yake ndipo uweke tepu ya karatasi na gazeti. Usikate tepu kwa wembe ikiwa juu ya bodi. Mchubuko mdogo wa wembe kwenye polikaboneti ni mwanzo wa ufa, na boneti ndiyo inayopokea kila ajali. Wanaotumia maski ya maji, ile inayopakwa kwa brashi mikono minne mitano na kuachwa usiku kucha, hawana budi kukata. Wakate kwa ncha mpya, uzito wa kisu chenyewe tu, bila kukandamiza.

Na duara la namba? Ukitaka duara jeupe mlangoni, kama magari mengi ya mashindano ya enzi hizo, hapa kuna njia nzuri kuliko zote. Kata duara la tepu pembeni, juu ya kioo, ulibandike ndani ya mlango sasa hivi, kabla ya nyeusi. Litakaa pale wakati wa nyeusi na wakati wa nyekundu. Utalibandua kabla tu ya nyeupe ya mgongoni. Ile nyeupe uliyoikusudia kuiwasha nyekundu itaingia kwenye tundu na kuwa duara lenyewe. Hununui stika, na ukingo wake ni safi kwa sababu nyekundu ndiyo iliyouchora. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika gari hili: rangi moja inafanya kazi mbili.

Kopo liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, yasiwe ya moto, na kamwe si jikoni wala juani. Rangi iliyopata joto kidogo hutoka laini zaidi. Litikise dakika mbili nzima. Mkono wa kwanza wa nyeusi uwe wa kurashia tu, karibu usionekane, hasa ukingoni mwa tepu. Huo ndio unaoziba njia. Ukianza kwa kulowanisha, rangi itatambaa chini ya tepu na mpaka wako utakuwa na meno kama msumeno. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, piga wa pili, kisha wa tatu. Inua bodi uitazame dhidi ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya, ongeza wa nne. Nyeusi isipokuwa nzito ya kutosha, nyekundu ya nyuma yake itaipaka wekundu juani, na boneti itaonekana ya kahawia.

Nyeusi ikishakauka kuguswa, bandua tepu ya mpaka taratibu, ukiikunja irudi juu ya yenyewe. Duara la mlango na madirisha usiyaguse. Ikiwa kuna nyeusi iliyovuja, hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuirekebisha: kijiti cha meno kilichochongwa bapa hukwangua punje kwa punje. Usitumie wembe wala thina.

Nyekundu sasa ipite kila mahali, hata nyuma ya boneti. Mkono wa kwanza wa kurashia, kisha miwili au mitatu ya kawaida. Hapa watu hupiga nyingi wakidhani wekundu hautoshi, lakini mwako utaletwa na nyeupe. Angalia usawa tu: ishike bodi kwenye mwanga, na penye wingu hafifu ndipo pa kuongeza. Kona za paa na mabonde ya fenda ndiyo yanayosahauliwa.

Iache saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Kisha bandua duara, na upige nyeupe. Mkono wa kwanza wa nyeupe ndio wa hatari kuliko yote. Rangi za kopo zina kimiminiko kinachoyeyusha tabaka la chini yake. Nyeupe ikitua ikiwa imelowa, itaichokoza nyekundu na kuivuta, na duara lako litapata mzunguko wa waridi. Rashia mara mbili, kila mara ukisubiri, ndipo upige mikono mitatu ya kawaida. Mwishoni funga kwa fedha, mkono mmoja au miwili. Nyeusi ingezuia mwanga vizuri zaidi, lakini duara jeupe halina kitu mbele yake, na nyeusi ikiwa nyuma ya nyeupe iliyo nyembamba italigeuza kijivu.

Jumla hiyo ni tabaka nyingi, na rangi ina uzito. Uzito ulio juu ya gari hulifanya liyumbe kwenye kona. Kwa gari la kuendesha mtaani haina shida, ila kwa la mashindano acha fedha na upunguze nyeupe kwenye paa. Usipunguze mahali pa mlango.

Kwa walio pwani, msimu wa masika ni wa kuchunga. Kimiminiko cha rangi kinapovukizwa hupooza plastiki, na hewa yenye unyevu huacha umande mwembamba juu yake. Rangi hufanya ukungu mweupe, na nyeusi ndiyo inayoumbuka zaidi. Piga saa nne asubuhi kwenye kibaraza chenye hewa, siku isiyo na mvua, usisubiri jioni. Na uvae barakoa ya fundi rangi, yenye chujio la mvuke, kwa sababu ya kitambaa haizuii kitu.

Baada ya saa 24 bandua stika za madirisha na ngozi ya nje. Utaona jambo moja: boneti inang'aa kama piano. Boneti nyeusi za magari ya rali zilipigwa rangi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, lakini ukipiga ndani, hata rangi kavu namna gani, macho yanaona uso wa plastiki, na plastiki inang'aa. Hapa ndipo PS-55 inapoingia, na hii hupigwa kwa nje. Funika gari zima kwa tepu na gazeti ukiacha boneti tu, ifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na maji, ikauke, kisha rashia mikono miwili myembamba. Ukipiga mnene hutokea weupe kama unga. Kwa kuwa iko nje itachubuka kwa mawe, lakini unaweza kuirudia mahali hapohapo wakati wowote.

Boneti hiyo nyeusi ina faida kwenye rimoti pia. Gari likiwa mita 30 mbele yako, gari la rangi moja linafanana likija na likienda, na ukikosea hapo unakata kona upande usio wake. Nyeusi mbele na nyekundu nyuma inakuonyesha mara moja pua iko wapi. Ukichagua rangi za bodi yoyote nyingine, fikiria hilo kabla ya uzuri: paa na boneti zisifanane.

Malizia ukingo ule wa nusu sentimita kwa mkasi wa kupinda, sugua kwa msasa namba 400 na kisha 600 mpaka kidole kisikwame popote, kwa sababu nyufa huanzia kwenye jino dogo lililoachwa na mkasi. Gari likitoka kwenye maram, limwagie maji kwanza vumbi liondoke, ndipo ufute. Ukifuta likiwa kavu, mchanga ule mwekundu utakwangua plastiki ya nje na kuitia ukungu, na nyekundu uliyoihangaikia matone kwa matone itaonekana imefifia ilhali yenyewe iko salama ndani.